Jiwe la Mpaka Nililolipanda Vibaya

Wadogo zangu wa ofisi ya viwanja na ujenzi,

Siku mliponiaga kwa soda na keki mliniomba shauri, nikasema sina. Nilidanganya. Ninalo moja, lakini lina aibu yangu ndani yake, na sikutaka kulisema mbele ya wageni wenye sahani mikononi. Sasa niko nyumbani. Mke wangu alinichoka tangu wiki ya pili, akanipa meza karibu na dirisha ili niache kumpimia jiko lake. Basi naandika. Vyeo na mishahara sitavitaja: vyeo vilikuwa vichache, na habari za mshahara mnazijua wenyewe.

Nilianza kazi nikiwa na diploma mpya na viatu vipya. Muzee Cishugi, mpimaji wa komini, yaani manispaa yetu, hakuitazama diploma. Alitazama viatu.

"Hibi biatu unaenda nabyo wapi, ku misa?"

Kabla ya saa sita mchana kiatu cha kushoto kilikuwa kimebaki ndani ya matope ya mteremko mmoja ambao mwaka huo ulikuwa na migomba na leo una nyumba za ghorofa zilizoshikana mabega. Muzee alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akanikabidhi vyombo vya kazi kimoja kimoja: dekameta, yaani ule utepe wa kupimia, fimbo nne zilizopakwa nyekundu na nyeupe, nyundo, kopo la rangi, na timazi, kile kipande cha chuma kizito kinachoning'inia kwenye uzi. Timazi aliitoa mfukoni mwake mwenyewe, si kwenye sanduku la ofisi. Vitu vya ofisi vilikuwa na tabia ya kwenda nyumbani kwa watu na kutorudi.

Nyinyi mnapima kwa mashine inayoongea na satelaiti, kwa hiyo nivumilieni nieleze. Mji wetu umejengwa juu ya vilima, na kilima kinamdanganya mpimaji. Ukilaza utepe juu ya ardhi ya mteremko unapata urefu mmoja, lakini ramani inahesabu urefu mwingine, ule wa mtu anayetazama kutoka juu kama ndege. Kwa hiyo tulipima kwa vipande. Mmoja anashika utepe chini, mwingine anaunyoosha usawa mbele yake, anaangusha timazi, pale inapogusa anapiga kijiti, na kutoka kwenye kijiti kile mnaanza tena. Kazi ya kuvunja mgongo. Kwenye mteremko mkali unapata mita mbili, mita tatu, unasogea.

"Karte haipandake mulima," Muzee aliniambia. "Yeye anaona Bukavu ni meza. Ukilaza dekameta chini, uko napima majani, hauko napima parcelle, kiwanja yenyewe."

Nilielewa siku hiyo hiyo. Tatizo langu halijawahi kuwa kutoelewa.

Miezi michache baadaye Muzee alishikwa na malaria, na komini ikapata kiwanja cha kujenga ofisi ya état civil, pale watu wanapoandikisha vizazi, ndoa na vifo. Kiwanja kilianzia barabara ya chini na kupanda kuelekea barabara ya juu. Karatasi ilisema mita arobaini. Nilitumwa peke yangu na kibarua mmoja. Tulipofika, mawingu yalikuwa yameshakaa juu ya ziwa, na mnajua mvua yetu ikitoka huko haikusubiri umalize. Kibarua akaniangalia, mimi nikamwangalia. Tukalaza utepe juu ya majani, tukavuta mara mbili, tukafika arobaini, tukapanda yale mawe ya mpaka tunayoyaita borne, tukakimbia. Kazi ya asubuhi nzima tuliimaliza kabla tone la kwanza halijaanguka, na nilijiona fundi.

Hakuna aliyehakiki. Ukikosea kiwanja cha mtu, atakulalamikia mpaka kaburini, lakini kiwanja cha Leta, yaani cha serikali, hakina mwenye kulalamika. Walipanda ua wa miti kwenye mawe yangu, wakajenga ofisi, na kutoka barabara ya chini wakaweka ngazi. Ngazi thelathini na saba. Najua kwa sababu nimezipanda nikiwa na mguu uliovunjika, na mguu uliovunjika unahesabu vizuri.

Miaka ikaenda. Muzee Cishugi alifariki na kuniachia timazi yake. Nilipaka misalaba myekundu kwenye kuta zilizojengwa juu ya mifereji na njia za watu, ile alama inayosema nyumba hii ibomolewe. Nilitukanwa kwa Kiswahili, kwa Kifaransa na kwa Mashi, na niseme ukweli, kwa Mashi ndiko kunauma zaidi. Kuna baba mmoja, baada ya mimi kupaka msalaba kwenye ukuta wake, alinunua rangi ile ile akapaka nyumba zote za mtaa, ikiwemo ya padri. Niliporudi na wabomoaji hatukujua tuanzie wapi. Nilimheshimu mtu yule. Ukuta wake tuliubomoa hata hivyo, wiki mbili baadaye, na mfereji ukapata kupumua.

Wakubwa walibadilika mara nyingi, wengine kwa utaratibu na wengine kwa makelele. Ngazi zilibaki thelathini na saba.

Ikawa zimebaki kama miezi sita nistaafu. Asubuhi moja nilikuwa nashuka kutoka état civil, nikamkuta chini ya ngazi mama mmoja juu ya baiskeli ya magurudumu matatu, ile ya kuzungusha kwa mikono. Miguu yake ilikuwa imekauka kwa polio. Mgongoni alikuwa na mtoto mchanga amefungwa kitenge. Wabeba mizigo wawili walikuwa wamesimama pembeni yake, wakimsihi.

"Maman, tutakubeba mbio tu. Dakika mbili."

"Nimesema hapana. Miye siko muzigo."

Aliitwa Maman Nsimire, mshonaji. Cherehani yake ilikuwa kwenye baraza ya barabara ya juu. Nikamuuliza kwa nini asikubali kubebwa, kwani wenzake wote wanabebwa. Swali la kijinga, na nililiuliza kwa sauti ya mtu mwema, jambo linalolifanya kuwa baya zaidi.

"Ku mutoto wa kwanza walinibebaka," akasema. "Ule aliyenibeba aliniweka ku meza kama gunia ya sombe. Kikwembe yangu ikapanda, batu banacheka. Kisha ule wa état civil akamuuliza yeye, ule wa kunibeba, jina ya mutoto wangu. Yeye! Hata hakuniangalia. Sasa huyu, papa, nitamwandikisha miye mwenyewe, ao hataandikwa."

Baba wa mtoto alikuwa ameenda kwenye machimbo ya dhahabu ya Kamituga tangu mimba ikiwa changa, na simu yake haikuita tena. Sheria mnaijua: mzazi anakuja mwenyewe na kutia sahihi, kitabu hakitoki ofisini, na mtoto anaandikwa ndani ya siku tisini. Zikipita, inabidi hukumu ya mahakama, na wengi hukata tamaa njiani, mtoto akakua bila karatasi hadi siku shule inapomfukuza kwenye mtihani. Mtoto wa Maman Nsimire alikuwa na siku kumi na saba.

Nilipanda hadi kwa Papa Bonane, karani wa état civil, kumwomba ashuke na kitabu. Akakishika kitabu kwa mikono miwili kana kwamba nimekuja kukiiba. "Kitabu hakitokake, mukubwa. Kikinyeshewa njiani nitajibu nini?" Hakuwa mtu mbaya. Ni kweli kitabu hakitoki.

Niliporudi chini na jibu hilo, Maman Nsimire aliniuliza jambo ambalo hakuna mhandisi wala mkuu wa komini aliyewahi kuniuliza.

"Papa, ku barabara ya juu nafikaka miye mwenyewe kila siku. Mulango ya nyuma ya hii biro iko karibu sawa na barabara. Ile fasi mu katikati ni ya nani? Naona banaanza kuchimba."

Nilijua ni ya nani. Ilikuwa ya Papa Déo, mfanyabiashara aliyeomba kipande kile chembamba kati ya ua wa ofisi na barabara ya juu ili ajenge maduka. Nilikuwa nimetia sahihi mwenyewe mwaka uliotangulia: eneo huru, halina mwenyewe. Nilikuwa nimelitazama jiwe langu la mpaka, nikaliamini.

Jioni ile nilibaki ofisini na kutoa ramani ya zamani. Kwenye ramani, kiwanja cha état civil kinagusa barabara ya juu. Hakiachi kipande chochote. Niliweka rula mara tatu. Kisha nikakumbuka mawingu juu ya ziwa, na utepe juu ya majani. Kipande kile cha mita nne kilikuwa cha état civil siku zote. Niliyekitupa nje ya ua ni mimi, kwa kukimbia mvua.

Niliogopa, lazima niseme. Mpimaji ana kitu kimoja tu, watu kuamini mawe yake. Nikisema jiwe moja ni baya, kila mwenye ugomvi wa mpaka mjini atakuja na jiwe lake. Ningeweza kunyamaza, nimalize miezi yangu, nile keki. Nilikaa siku mbili na wazo hilo, na sijivunii siku hizo mbili. Siku ya tatu niliandika barua: mimi, fulani, nilipima kiwanja hiki vibaya, na maoni niliyoyatoa kuhusu eneo huru ni batili.

Bourgmestre, mkuu wetu wa komini, aliisoma akiwa amesimama, kisha akakaa, akaisoma tena.

"Papa Bisimwa, unajua unafanya nini? Unabakisha miezi ngapi?"

"Kidogo tu, Monsieur le bourgmestre."

"Basi juu ya nini uaribu jina yako? Papa Déo iko na contrat. Tutatafuta batu ba kubeba ule maman vizuri. Kwa heshima."

"Hapana. Hataki kubebwa. Na fasi haiko ya Papa Déo, ni yetu. Ni miye nilikosa. Muitishe descente, nitapima mbele ya batu bote."

Aliisoma barua mara ya tatu. Naamini alikuwa anatafuta ni nani aliyenituma. Hakumpata, na mwishowe akaitisha.

Descente ni kwenda mahali penyewe, nyote mnaijua, yaani wakubwa kupakwa matope. Alikuja bourgmestre, akaja mtu wa kadasta, ile ofisi inayotunza ramani za viwanja, akaja Papa Déo na mwanasheria wake, na wakaja watu wa mtaa ambao hakuna aliyewaita. Juu, kwenye ukingo wa barabara, Maman Nsimire alikuwa amesimamisha baiskeli yake na mtoto mgongoni. Kati yake na sisi palikuwa na mfereji wa msingi wa maduka, mawe yameshamwagwa pembeni.

Nilifanya mambo mawili. Kwanza nilimwomba Papa Déo mwenyewe ashike mwisho wa utepe, asije akasema kesho kwamba nilivuta. Tuliulaza juu ya ardhi kutoka barabara ya chini, kama nilivyofanya ujana wangu. Ukafika arobaini sawasawa kwenye jiwe langu.

"Si munaona?" Papa Déo akapaza sauti. "Borne iko fasi yake! Muzee iko nazeeka, bamwachilie aende kupumuzika!"

Watu wakacheka. Mwanasheria akaandika kitu.

"Sasa tupime vile karte inapimaka," nikasema.

Nikatoa timazi mfukoni. Tukarudi chini, tukaanza kwa vipande: utepe usawa, timazi, kijiti, utepe usawa, timazi, kijiti. Kwa sauti kubwa nilihesabu kila kipande na mtu wa kadasta akaandika. Jua lilikuwa kali. Katikati ya njia yule kijana mwanasheria akaniambia tunaweza kupumzika. Nilikataa. Pale jiweni tulikuwa tumefika thelathini na sita tu. Hakuna aliyecheka tena. Tukapita ua wa miti, tukapita mfereji wa msingi, tukapanda. Niliponyoosha kipande cha mwisho na kuachia uzi, timazi ilianguka kwenye ukingo wa barabara ya juu, hatua moja mbele ya gurudumu la Maman Nsimire.

"Arobaini," nikasema.

Papa Déo akanigeukia. Hakuwa anapiga kelele sasa, na hilo lilinitisha zaidi. "Kwa hiyo parcelle yote ulipimaka, tutaamini namna gani?"

"Zile za ule mwaka, musiamini," nikajibu. "Nitarudia kuzipima zote."

Nilisema hivyo mbele ya mtaa mzima kabla sijafikiri, na nilitimiza. Ndiyo maana miezi yangu ya mwisho mlikuwa mnaniona natoka asubuhi na fimbo zangu huku mkinong'ona kwamba muzee amerukwa na akili. Nilipima upya kila kiwanja nilichokipima peke yangu mwaka ule Muzee Cishugi alipougua. Viwili zaidi vilikuwa vibaya. Mama mmoja kule kuelekea Nyantende alinifukuza na jembe, kwa sababu upimaji wa kweli ulikuwa unampa jirani yake mstari wa maharagwe. Nilirudi siku ya pili na kiti, nikakaa nje ya ua wake mpaka akaja kunisikiliza.

Kuhusu état civil, bourgmestre alichukua wiki tatu kuamua. Kila Jumatatu na kila Alhamisi nilikuwa mlangoni pake saa mbili asubuhi. Katibu wake alianza kunitayarishia chai. Uamuzi ulipotoka ulikuwa wa mistari michache: kipande kinarudi kwenye kiwanja cha état civil, kitakuwa njia ya kuingilia watu wasioweza ngazi, hakuna duka litakalojengwa hapo, na Papa Déo apewe nafasi nyingine karibu na soko. Alipewa. Mahali pale ni pazuri kuliko pa kwanza, lakini hadi leo hanisalimii, na simlaumu.

Tukadhani tumemaliza. Hatukuwa na saruji. Komini iliniambia njia itajengwa mwaka ujao, na mtoto alikuwa na siku sabini na moja. Hapo nilipoteza adabu. Nilisema maneno ofisini kwa bourgmestre ambayo siwezi kuyaandika, kisha nikaenda kwa wabeba mizigo wale wale wa chini ya ngazi, nikawaambia safari hii wabebe kitu kinachokubali kubebwa. Walibeba mawe na udongo. Mafundi wa mtaa walijaza mfereji wa msingi, wakashindilia kwa magogo, wakafungua ua wa miti kwa upana wa baiskeli. Mteremko wake niliupima mwenyewe, mara mbili, kwa timazi. Mvua ilitubomolea upande mmoja, tukaujenga tena. Maman Nsimire alikuja kila jioni akisimamisha baiskeli juu na kutuambia palipo kombo. Alikuwa na jicho kali kuliko mtu wa kadasta.

Kitabu cha état civil kinaonyesha kwamba mtoto aliandikwa siku ya themanini na nane, na sahihi ya mama yake ipo. Yaliyotokea kabla ya sahihi hayamo kitabuni, kwa hiyo nawaandikia mimi.

Alifika saa tatu, kitenge kipya, mtoto mgongoni. Udongo ulikuwa bado laini kwa mvua ya usiku. Akaingia kwenye njia, akashuka polepole akishika breki, na karibu na mlango gurudumu la nyuma likazama. Akazungusha mikono, likateleza, akazungusha tena. Sote tulikuwa tumesimama pale, mafundi, wabeba mizigo, mimi. Mbeba mizigo mmoja akapiga hatua mbele. Papa Bonane, aliyekuwa ametazama yote kutoka ndani, akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani mwake: alitoka na kitabu, amekikumbatia kifuani, akaja nacho hadi kizingitini.

Maman Nsimire aliinua mkono mmoja, jasho linamtiririka.

"Rudia ku meza yako, papa. Miye niko nakuya."

Papa Bonane akarudi, akakaa, akafungua kitabu, akashika kalamu. Yule mbeba mizigo akarudi nyuma hatua yake moja. Tukangoja, na hakuna aliyemsukuma.